Benchi la Kusindikiza Wageni

Mtaa mzima ulimwita Sponji, hata kwenye kadi za mwaliko wa harusi. Alikuwa fundi wa makochi, mgane, mwenye mvi za kutosha kuheshimiwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: hakujua kukaa. Miguu ilikuwa mizima na kiuno kizima, lakini kila alipoketi mahali, makalio yake yalianza kazi kabla mwenyewe hajavuta pumzi. Yalikagua, yalipima, yakatoa hukumu. Unamkaribisha nyumbani, unampa chai, unamsimulia msiba uliokupata, naye anatikisa kichwa kwa huruma ya kweli, halafu anasema, "Pole sana, ndugu yangu. Hii springi ya katikati imekufa."

Na msidhani alikuwa na dharau. Huruma ilikuwa ya kweli kwako, na ya kweli kwa springi. Shida ilikuwa kwamba huwezi kujua ni ipi kati ya hizo mbili iliyomtoa machozi.

Kwenye harusi ya mpwa wake alimsimamisha shangazi wa bibi harusi, akakipindua kiti chake miguu juu, akawaonyesha wageni jinsi kitambaa kilivyobanwa ovyo kwa chini. Shangazi alisubiri amesimama na sahani yake mkononi mpaka somo likaisha. Picha ya tukio hilo ipo, na kwa sababu zisizoeleweka ndiyo iliyotoka vizuri kuliko zote.

Karakana yake ilikuwa chumba kirefu nyuma ya duka la dawa. Mabamba ya sponji yalipangwa mpaka darini, gundi ilinukia tangu barabarani, na kwenye meza ya kukatia kulikuwa na kisu kirefu cha mkate ambacho hakijawahi kuonja mkate, kwa kuwa hakuna kinachokata sponji vizuri kama hicho. Nyumbani kwake hakukuwa na kochi hata moja la kwake. Sebuleni alikaa na makochi ya wateja yaliyosubiri kuchukuliwa, kwa hiyo ukimtembelea leo unakaa kwenye la kijani, ukirudi wiki ijayo la kijani limeondoka na pale umewekewa la maua. Watu walizoea. Walipoulizana kama wamefika kwa Sponji karibuni, walijibu, "Nilifika enzi za lile la kahawia."

Basi siku moja akaingia karakana mkunga wa zahanati, mwanamke mjane mwenye sauti ya chini na hatua za mtu asiyekimbia hata panapokimbiwa. Nyuma yake mlinzi alibeba godoro la kitanda cha wazazi, plastiki imechanika na katikati pamebonyea. Fundi mwingine angepima urefu na upana, akataja bei, akarudi kwenye simu yake. Sponji alilizunguka lile godoro, akalibonyeza, akauliza:

"Wanalala hapa kwa muda mrefu?"

"Wengine kutwa nzima."

"Wanalalia ubavu au mgongo? Na maumivu yakizidi, wanashika wapi?"

Mkunga akamtazama vizuri. Katika miaka yake yote ya kazi hakuna mwanamume aliyewahi kumuuliza wanawake wale wanaumia wapi, tena hapo nimewahesabu na waume zao. Akajibu kila swali. Alipoona maneno hayatoshi, akageuka, akaweka mkono wake mwenyewe chini ya mgongo, pale juu kidogo ya kiuno, akasema, "Hapa. Ukipaegemeza hapa mtu anashukuru. Ukipaacha, au ukipasukuma vibaya, hawezi kutulia hata umpe kitanda cha malkia." Sponji akapaangalia kwa makini ya fundi, halafu, kwa kuchelewa kidogo, kwa makini ya mwanamume.

Godoro likatoka zuri. Mkunga akaja kushukuru, akaja tena kushukuru, na mara ya tatu hakutafuta hata kisingizio. Wakawa wanakunywa chai karakana, wanatembea jioni mpaka kwenye makutano na kurudi. Sponji akajikuta anachana nywele. Mwishowe akamwambia anachokitaka, moja kwa moja, na kwa uzito wa mtu anayejua umri wake hauruhusu mizunguko: anataka wafunge ndoa.

Mkunga hakukataa wala hakukubali. Aliweka kikombe chini.

"Marehemu mume wangu alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu. Lakini alikuwa na redio. Tukila, redio. Tukilala, redio. Nikimweleza jambo, ananyoosha kidole nisubiri taarifa ya habari iishe. Nimekuwa mke wa pili wa redio ujana wangu wote, Fundi. Sina nguvu tena za kuja kuwa mke wa pili wa kochi."

"Mimi nakuapia..."

"Usiape. Nipe jioni moja. Tukae mahali, tule, tunywe, tuongee kama watu. Usipindue kiti, usibonyeze kiti, usiniambie kiti kimejazwa nini. Ukiweza, jibu langu nitakupa jioni hiyo hiyo."

"Jioni moja tu?" Sponji aliuliza kwa furaha, kana kwamba ameombwa aache kula udongo.

"Moja tu. Na mahali nitachagua mimi. Pale palipofunguliwa karibu na zahanati. Manesi wenzangu wanapasifia mpaka wanachosha."

Furaha ya Sponji ikasinyaa pale pale, na hapo inabidi niwaeleze pale ni wapi.

Zamani lilikuwa ghala la saruji. Akaja bwana mmoja mpana wa mwili na mpana zaidi wa maneno, ambaye mtaa ulimwita Bosi hata kabla hajaajiri mtu, akalisafisha akalifanya baa. Lakini usimwambie ni baa. Baa, kwa maelezo yake, mtu anakwenda kunywa na akikumbuka anakula. Kwake mtu angekuja kula na kinywaji kingemfuata chakula kwa adabu. Akaning'iniza taa zisizo na vifuniko, akaacha kuta bila plasta kwa gharama kubwa kuliko ya kuzipiga plasta, akanunua viti visivyofanana makusudi, jambo ambalo sisi wengine tunalo majumbani bila kulinunua. Kisha akamwita Sponji amtengenezee mabenchi ya ukutani.

"Fundi wangu, sikiliza siri ya biashara," alimwambia. "Mteja anakula haraka, halafu anakaa. Anaagiza soda moja, anaiangalia mpaka inakuwa maji. Anaongea! Na mlangoni watu wamesimama na njaa zao. Mimi siwezi kumfukuza, ni mgeni wangu. Nataka benchi ndilo limsindikize. Akikaa aseme 'aah'. Akishakula asimame mwenyewe, wala asijue nani kamsimamisha."

Mtu mwingine angeona haya. Sponji macho yalimng'aa. Tangu aanze ufundi alikuwa ameombwa starehe, na starehe kila fundi anaijua. Hii ya kutengeneza adha iliyovaa nguo za starehe hakuwahi kuiombwa. Akafunga mlango wa karakana. Kalio la benchi akaliinamisha mbele, kidogo tu, jicho halioni, pimamaji ndiyo inaona. Juu akaweka sponji laini ya kukaribisha, chini yake sponji ngumu ya kuaga. Na kwenye egemeo akakumbuka mkono wa Mkunga ulipokuwa, pale juu kidogo ya kiuno, akaweka mto mwembamba mahali hasa ambapo mgongo haupaswi kusukumwa.

Benchi la kwanza alilijaribu kwa jirani yake mwenye duka la dawa, mtu maarufu kwa kutoondoka. Akamkaribisha, akamwagizia chai. Jirani akaketi, akasema "aah", akaanza hadithi yake ndefu ya kiwanja, akajinyoosha, akajikuna, na katikati ya sentensi akakumbuka kwamba ana shughuli. Chai ilikuwa bado inatoa moshi. Sponji alitazama kile kikombe kwa machozi ya furaha. Hakuwahi kufanya kazi nzuri kama ile maisha yake yote, na la kusikitisha ni kwamba hakuna wa kumwambia, kwa kuwa uzuri wake wote ulikuwa katika kutojulikana.

Mpaka hapo mmeelewa ugumu wake. Kumwambia Mkunga "pale tusiende, mabenchi yatakuumiza" kungekuwa ni kuzungumzia mabenchi, na sharti lingekuwa limevunjika kabla hata ya supu. Akasema, "Sawa. Ni pazuri." Akajiambia kwamba vile viti visivyofanana vipo vingi, watakaa huko.

Jumamosi ile binti yake, ambaye aliishi nyumba ya pili na kumwangalia baba yake kama mzazi anavyomwangalia mtoto, alikuja kumkagua kabla hajatoka. Akamnyoosha kola. Akatia mkono kwenye mfuko wa suruali, akatoa tepu ya kupimia. Akatia mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa pimamaji.

"Baba. Pimamaji ya nini?"

"Imeingia yenyewe."

"Leo ukikiangalia kiti cha mtu kwa jicho baya, mimi nahama mtaa. Yule mama ni bahati yako ya mwisho, na wewe unalijua hilo."

"Nalijua," alisema Sponji, na alilijua kweli. Tangu juzi hakulala vizuri kwa kulijua.

Sponji na Mkunga walifika jua bado halijazama. Mlango ulikuwa wazi, harufu ya vitunguu vinavyokaangwa kwa siagi ikawapokea nje kabla ya mhudumu. Ndani watu walikuwa tele: wengine wanacheka mezani, wengine wanasubiri kaunta, sahani zinapita juu ya vichwa. Vyakula vya siku vilikuwa vimeandikwa kwa chaki ukutani, na kila chakula kilikuwa na maelezo marefu kuliko wasifu wa marehemu. Mkunga alikuwa amevaa gauni la buluu na viatu vyekundu ambavyo Sponji hakuwahi kuviona, akajisikia mdogo na mwenye bahati kwa pamoja.

"Shikamooni," alisema mhudumu, msichana mchangamfu. "Karibuni sana. Nimewawekea pazuri kabisa, pale dirishani, kwenye mabenchi."

"Viti vyote vina watu?" Sponji aliuliza.

"Viti vya nini mzee wangu, na mabenchi yapo?"

Mkunga akageuza shingo taratibu. "Umeanza?"

"Sijasema kitu," alisema Sponji, akatembea kuelekea benchi lake kama anayekwenda kusomewa mashtaka.

Wakaketi wakitazamana, kila mtu na benchi lake, meza katikati.

"Aah," alisema Mkunga.

Sponji alifurahi, akaogopa, na akajilaumu kwa kufurahi, yote kwa mara moja. Wakaagiza supu ya uyoga, kuku wa kuchoma na viazi vya tanuri. Mkunga akataka glasi ya divai, yeye bia.

"Chakula kitachukua muda?" aliuliza Sponji.

"Hapa hatuna haraka, mzee," alisema msichana kwa fahari. "Mpishi wetu anapika taratibu. Mnakaa, mnapumzika."

Hapo ndipo Sponji alipogundua kosa ambalo Bosi hajaligundua mpaka leo. Mpishi hakuwa na haraka hata siku moja, na benchi halikuwa na subira hata siku moja, na hao wawili hawakuwahi kukutanishwa. Ndiyo maana wateja wengi wa pale walikuwa wanamalizia kuku wao wamesimama, mkono mmoja kiunoni, wakidhani ndio mtindo wa kisasa.

Lakini wacha niseme ukweli: mwanzo ulikuwa mzuri mno. Mkunga alimsimulia habari ya baba mmoja aliyeng'ang'ania kuingia chumba cha kujifungulia kumtia moyo mkewe, akazimia mlangoni, ikabidi alazwe yeye, na mama akajifungua huku anampepea. Sponji alicheka mpaka bia ikampalia. Naye akaulizwa habari zake, na kwa kuwa habari zake zote za kawaida zilikuwa zimepigwa marufuku, ilimbidi atoe zilizokuwa chini.

"Tangu mke wangu afariki nakula nimesimama," alisema. "Kule karakana, sahani juu ya mashine. Nikikaa mezani peke yangu naona meza imekuwa ndefu."

Mkunga aliusogeza mkono wake mezani mpaka ukagusana na wa kwake, akauacha hapo. Sponji akahisi joto la ule mkono mpaka masikioni. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alikuwa amekaa, kwa maana ya kukaa, na hakujua amekalia nini.

Kisha mkono ukaondoka.

Aliuona unavyoondoka. Mkunga alijinyoosha, akasogea kushoto, akasogea kulia, na mkono uleule ukaenda nyuma, ukashika juu kidogo ya kiuno. Pale pale. Supu haijafika hata harufu.

Sponji akavua koti, akalikunja, akazunguka meza akaliweka nyuma ya mgongo wa Mkunga.

"Kumbe una huruma hivi," alisema Mkunga, akamtazama kwa macho laini sana. Sponji akarudi kuketi, na yale macho yakamchoma kuliko matusi.

Supu ikaja juu ya ubao, kwa sababu zinazojulikana na Bosi. Ilikuwa tamu, nzito, yenye mkate wa moto pembeni uliopakwa kitunguu saumu. Mkunga alikunywa vijiko vichache, akajisogeza. Alikunywa vingine, akasimama kama anayetafuta mtu dirishani, akaketi tena. Koti liliteleza chini. Kuku akaja, ngozi imekauka vizuri na ndani bado ana maji, na mtu aliyempika alistahili kupewa mkono. Mkunga alimla ameketi ukingoni kama mwanafunzi aliyechelewa mtihani.

"Chakula kizuri kweli," alisema, "mahali pazuri, watu wazuri. Lakini hili benchi! Sijui waliliokota wapi. Aliyelitengeneza hajui kazi."

Sponji akatia kiazi mdomoni.

"Yaani mtu kapewa mbao, kapewa kitambaa kizuri hivi, halafu anatoa kitu hiki."

Akatia kiazi kingine. Mashavu yakajaa.

"Atakuwa fundi kanjanja tu."

Kuna maneno mtu huyameza, na kuna maneno hayamezeki hata kwa viazi. Sponji angevumilia kuitwa mzee, mchovu, mbishi. Alitafuna, akameza, akanywa bia, akajua kabisa ananyamaza kwa ajili ya maisha yake yote yaliyobaki, na akasikia sauti yake inasema:

"Si kanjanja."

"Nani?"

"Huyo fundi. Hilo benchi halijakosewa, mama. Limepatiwa." Na mlango ulipofunguka hivyo haukufungika tena. Akaeleza kalio lilivyoinama mbele na kwa nini jicho halioni. Akaeleza sponji ya kukaribisha na sponji ya kuaga. Akaeleza habari ya mwenye duka la dawa na kikombe cha chai. Mikono yake ilikuwa hewani, inakata, inabana, inavalisha. Alipofika kwenye ule mto wa mgongoni ndipo alipojisikia mwenyewe anachosema, mikono ikabaki juu haina pa kwenda.

Mkunga aliweka uma chini.

"Wewe."

"Mimi."

"Godoro langu uliuliza kila kitu. Hapa hukuuliza mtu anaumia wapi?"

"Niliuliza," alisema Sponji kwa sauti ndogo. "Wewe ndiye uliyenionyesha."

Sponji aliinamisha kichwa akajiona anarudi kula juu ya mashine mpaka kufa kwake. Halafu akasikia kitu, akainua macho. Mkunga alikuwa anacheka. Alianza kwa mabega, akafunika uso kwa leso, akacheka mpaka meza ya jirani nao wakaanza kucheka bila kuambiwa kitu.

"Yaani nimejiumiza mwenyewe!" alisema alipopata pumzi. "Miaka yote naogopa mwanamume asiyesikiliza, nimempata anayesikiliza, kaenda kunitengenezea benchi!" Akajifuta macho. "Sharti umelivunja, Fundi. Umelivunja vipande vipande. Lakini nimecheka, na sijacheka hivi tangu sijui lini." Akasimama, akashika mgongo. "Jibu lako ninalo. Nimekuja nalo tangu nyumbani. Ila sitalitolea hapa nikiwa nimepinda hivi. Natangulia nje. Aga, njoo, tutembee. Usichelewe."

Akatoka. Sponji alimtazama mpaka mlangoni, na kama mtu hajui jibu lilikuwa lipi, basi hakuuona uso wa Mkunga alipogeuka kumtazama mara moja kabla hajatoka. Sponji aliuona. Aliokota koti, magoti mepesi, moyo mwepesi, akamwita mhudumu.

Badala ya mhudumu akaja Bosi, mikono imefunguliwa.

"Fundi wangu! Leo hulipi kitu hapa. Umeona yale mabenchi? Umeona watu wanavyoondoka? Wanakula, wanashukuru, wanakwenda! Wewe si fundi, wewe ni daktari!"

"Asante, Bosi. Nasubiriwa."

"Nenda, nenda. Kuna moja tu, hili hili lenu, linalia kidogo. Lakini nenda, utakuja siku nyingine."

"Linalia?" alisema Sponji.

"Kidogo tu."

Angeondoka. Naamini angeondoka, koti lilikuwa limeingia mkono mmoja. Lakini kijana mmoja na mchumba wake waliokuwa wakisubiri kaunta wakawahi ile nafasi, wakaketi upande wa Mkunga, na benchi likatoa mlio mrefu, mwembamba, wa aibu, mbele za watu.

Kazi bora ya maisha yake. Inalia.

"Samahanini, wanangu, simameni kidogo," alisema Sponji. Akachukua kisu cha mezani, akapiga magoti, akaingiza kichwa chini ya benchi. Ilikuwa ni skrubu zimelegea tu, kwenye ule mguu wa pembeni. Jambo la kufumba na kufumbua. Alizikaza moja baada ya nyingine kwa ncha ya kisu, polepole, kwa kuwa skrubu ukiiharakisha inakula mbao. Watu wakaanza kumtazama. Yule kijana na mchumba wake walisimama pembeni na glasi zao.

"Fundi."

Kutoka kule chini aliona viatu tu, vyekundu, vimesimama karibu na mguu wa meza.

"Nimerudi kukupa jibu lako," ilisema ile sauti ya chini, bila hasira hata kidogo. "Lakini naona magoti umeshampigia mwingine."

Alijua. Hilo ndilo lililokuja kumuuma baadaye kuliko yote, kwamba hakuwa na hata kisingizio cha kutojua. Alijua pale pale kwamba inampasa atupe kile kisu, atoke chini, aseme jambo lolote la kijinga. Na mkono wake, ambao haujawahi kuacha kazi nusu, ukaendelea kuzungusha.

"Nakuja, mama," alisema, kwa moyo wake wote, kutoka chini ya benchi. "Imebaki moja tu."

Viatu vilisubiri. Vilisubiri zaidi ya vile ambavyo viatu vya mtu mwingine vingesubiri, kisha vikageuka, vikapita katikati ya miguu ya watu, vikaenda mlangoni kwa hatua zisizokimbia. Skrubu ya mwisho ilikaza vizuri sana.